Jiwe ya Kubandika ya Mama Katungu

Jiwe ikianza kuvimba, weye ukimbie. Mimi sikukimbia juu tulikuwa ku makaburi, na ukikimbia ku makaburi batu banasema ni weye ulimuroga marehemu. Ilikuwa siku ya kutosha matanga ya Mama Katungu, mwenye alinipatia kazi mu restaurant yake ya quartier Mususa wakati nilikuwa ningali kasichana ka kutumwa-tumwa. Tulisimama na maua mu mikono, padri anasoma polepole sawa vile barua yenye hakuandika yeye, na mimi nikaangalia kaburi. Ilikuwa inangaa. Nyeusi, na mistari nyeupe yenye inapita-pita, sawa kaburi ya ministre. Nyuma yangu bamama babili banaongea chini-chini: «Marbre, ma chère, jiwe ya batajiri. Kumbe ba Katungu biko na makuta.» «Biko nayo, basi tu balikuwa banaficha.» Kisha nikaona, karibu na musalaba, fasi mayi ya mvua ililala, jiwe iko na tumbo. Katumbo kadogo, sawa ya chura. Nikaifinya na ncha ya kiatu. Tumbo ikaenda upande ingine.

Pale pale nikafunika mudomo na maua. Batu bote balifikiri ninalia, mumoja akanishika bega, pole Kavira, pole, alikuwa mama yako. Hapana kulia nilikuwa nalia. Nilikuwa nazuia chai ya asubui isirudie njia yenye ilikuyia. Juu ile jiwe naijua. Iko plastique. Ni karatasi ya collant, yenye iko na colle, ndiyo gundi, nyuma na picha ya marbre mbele, inauzwaka ku marché yenye kukunjwa sawa mukeka. Na mutu mwenye aliibandika pale naye namujua, alikuwa amesimama upande ya padri na lunette nyeusi ku macho: ndugu mudogo ya marehemu. Jina yake Kambale, mais Butembo yote inamwitaka Tonton Dubai, juu anaongeaka sawa vile ametoka Dubai jana na anarudia kesho, kumbe alifikaka tu Kasindi ku barrière ya mupaka, na pale bakamurudisha. Sasa mbele nieleze nini nilifanya ile siku, lazima nieleze mwaka yenye ilinifundisha kuogopa kitu inangaa. Juu ya baba na mama yangu hapana kuniuliza, balikuwa batu bazuri, balikufa, yabo ilishaisha.

Restaurant ya Mama Katungu ilikuwa chumba moja ya mabati, yenye moshi ilipaka rangi kuliko peintre yoyote. Benchi, meza, kalendari ya Bikira Maria, na comptoir, meza ya kupakulia chakula. Ile comptoir, bwana. Mbao ya libuyu, muti mugumu ya pori, moja tu, hapana kuunga, nzito mpaka banasemaka bale balioileta bane, mumoja angali anatembea upande-upande mpaka leo. Ilikuwa murefu: ukisukuma sahani ya sombe, majani ya mihogo, huku, ikifika kule imeshapoa, mutu anaomba ipashwe moto. Juu yake tulikuwa tunafanya kila kitu. Kukata nyama, kupondea pilipili, kuweka masufuria, kupakula bugali, na saa ya mvua paka ya jirani alikuwa analala pale mpaka nimufukuze na kitambara. Na ilikuwa muzee, ile mbao. Nyeusi, na mabonde yake fasi visu vilipita miaka na miaka, ukiweka yai katikati inajitafutia yenyewe fasi ya kulala.

Lakini kila samedi, ndiyo jumamosi, kulikuwa salongo ya comptoir, kazi ya usafi ya pamoja. Salongo ya quartier ni ya kuzibua mitaro, batu banakuya banachelewa na jembe moja batu kumi. Yetu hapana kuchelewa. Mama alikuwa anatosha majivu mu mbabula ya makala, anaimwanga ku mbao, anamwanga mayi ya moto juu, na sisi babili tunakwangula na visu vyenye vilishakufa meno, yeye anaanza huku, mimi kule, mpaka tunagongana katikati. Kilikuwa kinatoka kitu sawa uji ya mbwa. Kijivu, chenye mafuta, na kanywele ndani kenye hakuna mutu anakubali ni kake. Nilikuwa nachukia ile kazi sawa vile paka anachukia mayi. Mais tukimaliza, mlango ikiwa wazi, harufu ya majivu na mbao yenye imelowa ilikuwa inatoka mpaka barabarani, harufu ya nyumba yenye mutu ameamka mapema.

Bakiriya betu bakubwa balikuwa bashofere ba Hadji Saidi. Hadji ni mutu ya Beni, Muislamu, mwenye macamion, yalikuwa yanapanda na kushuka, kakao ya Mutwanga inatoka, sabuni na mabati inarudi. Bashofere bake balikuwa banachinja mbuzi yabo benyewe, banatuletea nyama, na Mama, na rozari yake mu shingo, aliapisha kila mutu mu ile nyumba kama nyama ya nguruwe haitapita hata mu ndoto. Balikuwa banakula sawa batu bametumwa kumaliza chakula ya dunia. Kulikuwa mumoja, Sefu, mukubwa sawa armoire ya nguo, alikuwa anakula bugali mpaka anaomba radhi kwa mukandala ya suruali. «Dada Kavira, ongeza. Hii yenye uliniwekea ni ya kumuonjesha malaika.» Bale bashofere ndiyo balikuwa mushahara yangu, kitanda yangu nyuma ya restaurant, na nguo yangu ya Noeli. Bakiacha kukuya, Mama anafunga, na mimi narudia kwetu Kipese kulima viazi mu ile baridi yenye inaumaka mpaka kivuli ya mutu inatetemeka.

Sasa, ule mwaka, mbele yetu, ngambo ya barabara, mutu akafungua restaurant ya carrelage, vigae vya kungaa. Carrelage chini, carrelage ku ukuta, na comptoir ya carrelage nyeupe mpaka ukiangalia mu jua unapiga chafya. Siku ya kwanza nikasikia Sefu anaongea na mwenzake, nilikuwa chini ya comptoir natafuta kifuniko. «Kule unakula na unaona sura yako.» «Sura yako hii unatafuta kuiona ya nini, itakuharibia chakula.» Bakacheka, na kidogo-kidogo bakaanza kuvuka barabara. Mais Mama hakucheka, aliposikia yenye nilimwambia. Alikaa ku benchi na mikono mu mapaja, anaangalia mbao yake sawa vile mutu anaangaliaka bwana mwenye amezeeka gafla.

Ndipo Tonton Dubai akaingia, na rouleau ya collant chini ya kwapa.

«Yaya, dada yangu, kulia kwisha. Nimekuletea Italia.»

«Italia gani inaingia mu kwapa?»

«Fungua macho. Marbre. Kule Dubai mahôtel yote biko nayo.»

Akaikunjua ku comptoir. Na mimi, nisidanganye, moyo iliruka. Nyeusi na mistari nyeupe, ukipitisha mukono laini sawa shavu ya mutoto. Nikasema, Tonton, ngoja basi tukwangule mbao mbele, juu ilikuwa vendredi, samedi ingali kesho, na mafuta ya posho yote, juma nzima, ilikuwa ingali pale imelala. Tonton Dubai akaniangalia sawa vile mutu anaangalia nzi mwenye anatoa mashauri. «Kasichana, colle iyi inakulaka buchafu. Buchafu ni mboga yake.» Akabandika juu ya mafuta. Juu ya unga, juu ya mafupa ya samaki, juu ya kila kitu. Fasi ilikataa kushika, akaleta pasi ya makala ili aipashe moto, na pasi ikalala dakika moja zaidi, ikaacha alama ya pasi kamili pale mu marbre, sawa vile shetani alipita na kiatu. Akaweka chupa ya pilipili juu ya ile alama, akasema hakuna mutu ya Mususa ananyanyuaka chupa ya pilipili aangalie chini.

Nawaambia, batu balitoka Kyavinyonge, kule ku ziwa, kuangalia ile comptoir. Labda hapana Kyavinyonge, labda tu ku rond-point ya quartier, mais balikuya. Bashofere bakarudi bote. Sefu aliweka kiwiko juu yake, akakitosha, akakipanguza, akakiweka tena. «Mama Katungu, sasa hapa tunakula sawa bagouverneur.» Hadji mwenyewe akatuma habari kutoka Beni: nyuma ya Ramadhani atakuya na mushiriki wake ya biashara ya kule, mwenye naye ana bashofere, bakule, baone, na kama bakipenda, bale bote nabo batakuwa banashukia kwetu. Mama aliposikia, akaenda kununua kitambara mupya ya kichwa.

Na hapa ndiyo kitu yenye sisi ba Kipese tu tunaweza kufanya. Kwetu kule milimani, na Mama naye alizaliwa kule, jiwe ya kusagia haioshwake na sabuni. Sabuni inaingia mu jiwe, unga yote inakuwa na ladha ya nguo. Unaipigisha tu brosi kavu, basi, na jiwe ya bibi yako inafika kwa mujukuu. Mama Katungu aliona na macho yake vile ile plastique ilibandikwa. Alishika mukasi yeye mwenyewe. Mais siku zikapita, batu banamusifu, na kidogo-kidogo akaanza kuita ile kitu eribwe, ndiyo kusema jiwe mu Kinande. Eribwe yangu. Hapana kumwanga mayi ku eribwe yangu. Nikaleta majivu samedi, akaninyanganya ndoo. «Jiwe hainywake. Jiwe ni ya brosi.» Mutu akidanganya bengine, kuna fasi anasimamaka. Akijidanganya mwenyewe, hakuna barrière. Salongo ya comptoir ikakufa vile. Na mimi, kweli, nilifurahi, samedi nilikuwa nalala mpaka jua inanitafuta.

Kisha siku moja Sefu akaleta nyama ya mbuzi, na juu aliambiwa ni jiwe, akachukua panga, akapiga. Panga ikaingia sawa mu mukate. Alibaki na mudomo wazi. «Mama, jiwe yako iko na ngozi.» Mama akapanda hasira, kisha akakata kipande ya rouleau yenye ilibaki, akabandika ku kidonda. Posho ingine sufuria ya moto ikatoboa fasi ingine, kipande ingine. Mu miezi kidogo ile marbre ilikuwa na viraka sawa suruali ya mulevi, na kila kiraka ilikuwa na mudomo, na kila mudomo ilikuwa inakunywa. Supu ya mbuzi ilikuwa inakunywa. Mafuta ya mawese, mayi ya sombe, uji, chai ya maziwa. Ile comptoir ilikula muzuri kuliko mimi.

Harufu ilianza na adabu. Asubui tu, kidogo, sawa mutu anapiga hodi. Nyuma ikaingia, ikakaa, ikatosha viatu. Mama akasema ni panya amekufa mu paa, nikapanda, nikakuta panya muzima, na naye alikuwa anatafuta njia ya kuhama. Akasema ni mutaro. Akasema ni soksi ya Sefu. Yule mubaba mukubwa alitosha soksi mbele ya batu bote, akamupatia jirani anuse. Jirani akanusa, akafikiri, akasema: «Hapana iyi. Iyi naijua, ile ingine siyijui.» Tonton Dubai akaleta désodorisant ya ndimu, akapuliza fasi yote. Hapo ndiyo ilikuwa mbaya. Harufu mbaya peke yake unaweza kuizoea, sawa vile batu banazoea makayabo, samaki ya chumvi. Mais harufu mbaya yenye imevaa ndimu, ile ni maiti yenye inakutongoza. Mpaka leo mutu akikamulia samaki ndimu mbele yangu, natoka inje kusalimia miti.

Hadji akakuya saa ya midi, jua katikati ya kichwa, na mushiriki wake, muzee mufupi mwenye kanzu nyeupe mpaka inaumiza macho, na bashofere nyuma yabo. Mama alikuwa amefungua mlango na madirisha, hata kama tungekuwa na ukuta ya kufungua tungeifungua. Tulipika sawa arusi. Hadji akasalimia kila mutu, akauliza habari ya kila mutu, akakaa karibu na comptoir, mukono juu ya marbre. Mimi nilikuwa nimeshika sahani yake. Nikaona mukono yake inapanda. Polepole, ikapanda, ikashuka. Hadji akaangalia mukono. Akaangalia Mama.

«Mama Katungu,» akasema na sauti ya chini, juu ni mutu ya heshima, «jiwe yako inapumua.»

Mama akacheka kidogo, akaweka kiganja juu ya ile tumbo, akaifinya ili ishuke. Ikashuka. Ikatokea ku kiraka ya panga ya Sefu. Na mu ile mudomo ikatoka kwanza kitu ya rangi ya kahawia, nzito, inavuta sawa makamasi ya muzee mugonjwa, ikatiririka polepole mpaka ku ncha, ikaning'inia, ikaangukia ku kanzu nyeupe ya mushiriki. Nyuma ya ile ikatoka mende. Hapana mende ya kawaida, mende nyeupe, zenye hazijaona jua tangu zizaliwe, laini sawa vidole vya mutoto, zinatoka moja-moja, zinasimama, zinashangaa dunia. Sefu, ile armoire ya mutu, akashika ncha ya collant akaivuta ili afunike. Yote ikatoka. Sauti yake ningali nayo mu masikio, sawa mutu anatosha ngozi ya nyama yenye imeoza. Chini yake mbao haikuonekana. Kulikuwa shamba. Manyoya ya kijani, manyoya meusi, funza zinachemka sawa muchele ku moto, na mafuta ya ile vendredi ya kwanza ingali pale katikati, imekuwa njano, inatuangalia.

Mushiriki alitapika. Mutu ya adabu, alijaribu kutapikia mu mukono. Jirani alitapika. Mimi nilitapika mu sahani ya Hadji, yenye nilikuwa ningali nimeshika, na nikabaki nimeishika, sikujua niiweke wapi. Hadji peke yake hakutapika. Alisimama, akapanguza mukono na kitambara yake, akatupa kitambara, akasema: «Mama, bashofere bangu nilibatuma bakule hapa juu siku moja nilipita samedi nikaona muko munakwangula. Nikasema, hawa, hata buchafu yabo banaionyesha.» Akatoka. Bote bakatoka. Bakavuka barabara.

Hapo nikaanza kukunja nguo zangu ya kurudia Kipese. Mama alikaa ku benchi mpaka jua ikashuka, na ile harufu imekaa karibu yake sawa bwana na bibi. Nilifikiri atalia. Samedi asubui akaniamsha na muguu. «Shika kule.» Tukaita batu, tukatosha ile mbao inje, mu barabara, mbele ya carrelage, mbele ya bashofere bote na chai yabo. Mama akamwanga majivu, akamwanga mayi ya moto, akapiga magoti na kisu. Hakuficha hata funza moja. Batoto balikuya kuangalia, banafunga pua, banarudi na bengine. Tulikwangula mpaka midi, mbao ikaisha nusu, na fasi ilikataa kabisa, tukaigeuza, tukatumia tumbo yake kuwa mugongo. Sefu alivuka wa kwanza. Alisema ni juu ya sombe tu, kule banaipikaka sawa batu bameadhibiwa. Bengine bakafuata, mumoja-mumoja, sawa kuku ya jioni. Viazi ya Kipese bikalimwa na bengine. Hadji alichukua muda, mpaka nilisahau sura yake. Siku alirudi hakukaa. Aliinama, akaweka pua ku mbao, akavuta pumzi. Akasema: «Leta chakula.» Na tangu ile siku, miaka yote, kila akipita, ni pua kwanza, salamu nyuma.

Ndiyo mambo yenye ilikuwa inapita mu kichwa yangu pale ku makaburi, na chai mu koo. Mwanamuke mwenye alitosha aibu yake mu barabara akaikwangula mbele ya batu, leo banamulalisha chini ya ile ile plastique, na viraka ku kona, na tumbo yenye inatembea. Tonton Dubai akanisogelea, anatabasamu na lunette.

«Umeona, Kavira? Italia.»

«Tonton, ulipanguza simenti mbele ya kubandika?»

«Ya nini? Colle iyi mupya, iko na nguvu, inakulaka…»

Hakumaliza. Batu balikuwa banafungua njia. Hadji Saidi alikuwa anakuya na fimbo, mujukuu wake amemushika mukono, mugongo imepinda sawa alama ya kuuliza. Alisalimia padri, akasalimia familia, akafika ku kaburi. Aliangalia ile kungaa. Aliangalia ile tumbo. Kisha akamupatia mujukuu fimbo, akaanza kushuka, polepole, magoti inalia, mpaka pua yake ikafika ku marbre, na akavuta pumzi. Batu bote bakainamisha vichwa, balifikiri ni sala ya ba Islamu.

Akanyanyua uso, akanitafuta kati ya batu mpaka akanipata.

«Kavira,» akasema, «majivu iko wapi?»

Nikatosha viatu vya matanga. Nikashika ile plastique ku kona, fasi kiraka ilianza kufungua mudomo, na Tonton Dubai akasema weye, weye, weye, na mimi nikavuta.